Shule ndogo ya msingi ya Kikristo mtaani: namna ya kuianzisha na kuifanya idumu

Shule nyingi za aina hii huzaliwa kwa namna moja. Kanisa lina ukumbi unaokaa bure kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mtaani kuna watoto wasiokwenda shule au wanaosongamana kwenye madarasa yaliyofurika, na mtu mmoja mwenye moyo anasema, "Tuanze." Zinazokufa nazo hufa kwa namna moja, na chanzo mara nyingi si upungufu wa imani wala wa watoto. Ni hesabu. Mshahara unachelewa wiki mbili, kisha mwezi. Mwalimu aliye bora, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kupata kazi kwingine, anaondoka katikati ya muhula. Wazazi wanaona darasa halina mwalimu, wanaacha kulipa ada, na mshahara wa mwezi unaofuata haupatikani kabisa.

Jambo hili si geni. Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini Southwark, London, mwaka 1798, na mbinu yake ya kuwatumia wanafunzi waliotangulia kuwafundisha wenzao iliigwa katika nchi nyingi. Ualimu aliuweza, fedha zikamshinda. Mwaka 1808 madeni yalikuwa yamemfika shingoni, ikabidi marafiki zake waunde chama cha kusimamia mfuko wa shule badala yake.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye ukubwa wa shule na fedha zake, ndipo uingie darasani.

Anza na darasa moja

Mwaka wa kwanza fungua darasa la kwanza peke yake: watoto 20 hadi 25, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Mwaka wa pili watoto hao wanapanda darasa la pili, nawe unaandikisha darasa la kwanza jipya. Endelea hivyo, darasa moja kila mwaka. Gharama zitapanda ngazi moja moja, utakuwa na mwaka mzima wa kumtafuta mwalimu mmoja tu, na karibu kila mtoto wa madarasa ya juu atakuwa amefundishwa kusoma na ninyi wenyewe.

Shinikizo la kufungua madarasa yote kwa mkupuo litakuja, hasa kutoka kwa waumini ambao watoto wao wako darasa la nne au la tano kwingine. Kataa. Mtoto anayehamishiwa kwenye shule ndogo ya mtaani mara nyingi anahamishwa kwa sababu hajui kusoma. Mmoja unaweza kumsaidia. Kumi kwa pamoja watamla mwalimu muda wote, na wale wadogo watakosa msingi uliofungua shule kwa ajili yake.

Kabla ya kutangaza chochote kanisani, pita nyumba kwa nyumba katika eneo ambalo mtoto wa miaka sita anaweza kulitembea kwa dakika ishirini bila kuvuka barabara kubwa. Andika majina ya watoto walio na umri wa kuanza, jina la mzazi au mlezi, na anachoweza kulipa kwa wiki. Usifungue mpaka uwe na majina mara mbili ya nafasi ulizo nazo. Si wote waliosema "ndiyo" mlangoni watakaoonekana siku ya kwanza.

Nenda pia ofisi ya elimu inayohusika na eneo lako ukaulize mambo matatu: kibali gani kinatakiwa, masharti ya jengo na vyoo ni yapi, na watoto watafanyia wapi mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Swali hilo la tatu ndilo husahaulika, kwa sababu mtihani uko mbali. Miaka inapita, darasa la mwisho linafika, na watoto hawana namba za mtihani kwa kuwa shule haijasajiliwa kama kituo. Usajili kamili ukionekana utachukua muda mrefu, tafuta shule iliyosajiliwa karibu nawe ikubali kuwapokea watahiniwa wako. Makubaliano yawe ya maandishi, yenye sahihi na mhuri, maana mwalimu mkuu uliyeelewana naye kwa mdomo huenda atakuwa amehama.

Kanisa ni mwenyeji, shule ni mpangaji

Watu wa kanisa hawapendi kuandikiana mikataba wao kwa wao. Waandikiane hivyo hivyo. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, ilimradi unajibu haya: shule inatumia vyumba gani na saa ngapi, nani analipa maji na umeme, na kwa mgawanyo gani, nani ana funguo, nani anatengeneza kitu kikivunjika, na kanisa likitaka ukumbi wake, linatoa taarifa muda gani kabla. Omba mwaka mzima wa masomo. Chini ya hapo utajikuta na watoto nje katikati ya muhula.

Kisha kuna misiba, harusi na mikesha. Ukumbi wa kanisa huhitajika siku za kazi kuliko watu wanavyokumbuka wakati wa kupanga. Kubalianeni mapema ni siku ngapi kwa muhula darasa linaweza kuhamishwa na linahamia wapi. Ukiacha jambo hili bila kusema, kila msiba utakuwa siku ya mapumziko, na hizo ni siku nyingi mwaka ukiisha.

Mchungaji asiwe mweka saini wa akaunti ya shule. Hata kama ni mwaminifu kupita wote, sadaka na ada zikikaa mfuko mmoja hakuna atakayejua shule inajiendesha au inabebwa. Fungua akaunti ya shule yenyewe, watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, na wawili hao wasiwe ndugu wala mume na mke. Kanisa likitaka kuisaidia shule, lihamishe kiasi kinachojulikana kila mwezi, kiandikwe kama msaada.

Kamati ya shule iwe na watu watano hadi saba. Angalau wawili wawe wazazi wa watoto wanaosoma pale, na mmoja awe mtu anayejua vitabu vya hesabu. Mwalimu mkuu ahudhurie na atoe taarifa, lakini asipige kura kuhusu mshahara wake.

Chumba, madawati, ubao

Chumba cha mita 6 kwa 8 kinawatosha watoto 25 hadi 30 na kubakiza kona ya kusomea vitabu. Milango ifunguke kwa nje. Ubao uwe upande usiopigwa na mwanga wa dirisha, la sivyo safu mbili za pembeni hazitaona kitu asubuhi nzima. Ukingo wake wa chini uwe kama sentimita 80 kutoka sakafuni, ili mtoto naye afikie kuandika.

Kosa kubwa kwenye kumbi za makanisa ni mabenchi. Benchi la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 45 kutoka sakafuni. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kimo cha mita 1.1 hadi 1.2 anahitaji kiti cha sentimita 31 na meza ya sentimita 53. Ukimweka juu ya benchi la kanisa, miguu inaning'inia, anaandikia mapajani, na baada ya dakika kumi anaanza kujinyonganyonga. Mwalimu anadhani ni utundu. Fundi seremala akate miguu ya mabenchi ya zamani, au atengeneze ubao wa kuwekea miguu na meza ndefu nyembamba ya watoto watatu. Kwa madarasa ya kati, kiti cha sentimita 35 na meza ya 59 vinafaa.

Madarasa mawili yakigawana ukumbi mmoja, pazia au mbao nyembamba haizuii sauti. Dawa ni ratiba: darasa moja likiwa kwenye kusoma kwa sauti, jingine liwe kwenye kuandika au hesabu za daftarini. Kwa kuwa ukumbi unageuka kanisa Jumapili, kila darasa liwe na sanduku la kufuli la vitabu, chaki na kadi, na chati zitundikwe kwenye kamba inayoshuka Ijumaa na kupanda Jumatatu. Usitegemee kwamba kilichoachwa ukutani kitakuwepo.

Hesabu ambayo ni lazima uifanye kabla ya kufungua

Tuseme gharama zote za mwaka ni 1,000, kwa fedha yoyote unayotumia. Katika shule ndogo ya namna hii mgawanyo wenye akili unakaribia hivi: mishahara 650, mlo wa watoto 120, maji, umeme na pango 80, vitabu na vifaa 60, matengenezo 40, ada za usajili na mitihani 20, akiba 30. Ukiwa na watoto 80, kila mmoja anagharimu 12.5.

Sasa uliza familia zinaweza kutoa nini kweli. Tuseme wastani wa ada mliyokubaliana ni 5 kwa mtoto, na kati ya kila 5 inayotakiwa mnakusanya 4. Hapo mna 320. Pengo ni 680. Nambari hiyo iandikwe kwenye karatasi, na mbele yake majina ya watakaoiziba: kanisa kiasi gani, watu binafsi kiasi gani, taasisi gani, kila mwezi au mara moja. Ahadi isiyo na tarehe isihesabiwe. Kama majina hayafikii 680, punguza shule: madarasa machache, mlo mwepesi, chumba kimoja. Kufungua ukitumaini pengo litajiziba njiani ndiko kulikoua shule nyingi.

Makosa mawili hujirudia hapa. Kwanza, ada inaingia miezi tisa au kumi lakini mwalimu anakula miezi kumi na miwili. Gawa mshahara wa mwaka kwa kumi na mbili na uweke kando sehemu ya likizo tangu mwezi wa kwanza. Pili, kuna wafadhili wanaotoa kwa ajili ya jengo, kompyuta au sare, na hawatoi kwa ajili ya mshahara. Jengo jipya linaongeza gharama za mwaka (matengenezo, mlinzi, umeme) bila kuongeza mapato. Kabla ya kupokea, uliza: mwaka kesho nani atalipia kukitunza? Kompyuta kumi kwenye chumba chenye vumbi, bila mtu wa kuzitengeneza, ni samani tu.

Kuhusu ada yenyewe, familia nyingi za mitaa hii hupata kipato kwa siku au kwa wiki. Kudai muhula mzima kwa mkupuo ni kudai kitu ambacho hakipo. Pokea kwa wiki, kwa risiti yenye namba na nakala inayobaki kitabuni, hata kama ni kiasi kidogo. Anayepokea fedha asiwe anayeziandika kwenye leja, na mwalimu wa darasa asiguse ada kabisa. Weka viwango vitatu vya ada. Wajumbe wawili wa kamati waitembelee familia na kupendekeza kiwango. Mwalimu asijue nani yuko kiwango kipi. Mzazi anayelipa kwa kazi, mathalani kufagia, kupika au kushona, kazi yake ipewe thamani iliyoandikwa na ihesabiwe kama malipo. Bila maandishi, yeye atadhani amemaliza deni na mweka hazina atadhani hajaanza.

Usimrudishe mtoto nyumbani kwa ajili ya ada. Mtoto anayekosa siku mbili kila mwezi anapoteza karibu mwezi mzima wa masomo kwa mwaka, tena ni yule yule aliyehitaji shule kuliko wenzake. Mdaiwa ni mzazi, basi mfuate mzazi. Tenga siku moja kwa mwezi ya kuzungumza na wenye malimbikizo, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Na wafadhili wa mtoto mmoja mmoja? Ni rahisi kuwapata, lakini mfadhili akiacha, mtoto yule anabaki bila mtu. Changa michango yote mfuko mmoja wa kupunguza ada. Picha za watoto zitumwe kwa ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, bila jina kamili wala jina la mtaa, na bila kumpiga mtoto picha ya kumwonyesha alivyo duni.

Walimu

Ajiri mwalimu wa darasa la kwanza kwa uangalifu kuliko wengine wote. Desturi ya kumweka mwalimu mgeni au dhaifu darasa la kwanza, kwa kuwa "ni watoto tu," inaharibu shule kutoka chini. Kwenye usaili usiishie kwenye maswali. Mpe watoto sita na dakika ishirini, awafundishe sauti moja mpya. Angalia kama kila mtoto alipata nafasi ya kusema na kuandika, na kama alimwona aliyekosea.

Wapigie simu wadhamini wawili walioandikwa, na mwajiri wake wa mwisho hata kama hakuandikwa. Pata hati ya polisi ya uadilifu pale inapopatikana. Ushuhuda mzuri kanisani hautoshi kwa lolote kati ya haya.

Mshahara ukubaliwe kuwa mdogo kuliko kuahidiwa mkubwa usiofika. Tarehe ya kulipa iwe moja, na fedha ya mwezi huu iwe imeshaingia akaunti kabla mwezi haujaanza. Lengo la akiba ni mishahara ya miezi mitatu. Ukianza na mwezi mmoja si haba.

Shule ikiwa na watoto chini ya 60, mwalimu mkuu afundishe nusu siku. Nusu nyingine aitumie darasani kwa wenzake: dakika 20 kwa kila mwalimu kila wiki, kisha jambo moja tu la kurekebisha, lililo wazi, kwa mfano "watoto wa safu ya nyuma hawakusoma hata mara moja." Akitoa mambo saba, hakuna litakalofanyika. Wanaojitolea wanafaa sana kusikiliza watoto wakisoma, na hawafai kushika darasa, kwa sababu siku wakipata kibarua hawatakuja, nao hawana kosa.

Kusoma kwanza

Katika miaka miwili ya mwanzo shule ijipime kwa swali moja: kila mtoto anasoma? Saa moja kila siku itengwe kwa kusoma na kuandika, asubuhi, na isiguswe na mgeni, mkutano wala mazoezi ya kwaya. Gawanya hivi: dakika 10 za sauti, 15 za silabi na maneno, 20 za kila mtoto kusoma, 15 za kuandika na imla.

Ukifundisha kwa Kiswahili una bahati, kwa kuwa herufi zinatamkwa karibu vile vile popote zilipo. Anza na irabu tano, kisha konsonanti zinazotamkika kwa kuvutwa kama m, n, l na s, ndipo k, t, b, p na nyinginezo. Mtoto akijua irabu na konsonanti nne tayari anasoma *mama*, *sima*, *lala*, *nani*. Mfululizo kama mb, nd na nj uje baadaye, na ch, sh, ny, th, dh, gh mwishoni. Tenga siku za ng na ng' zikiwa bega kwa bega, *ngoma* na *ng'ombe*, maana hapo ndipo hata watoto wa darasa la nne huteleza. Lugha ya kufundishia ikiwa nyingine isiyozungumzwa nyumbani, mtoto ajifunze kusoma kwa lugha anayoielewa kwanza kila mtaala unaporuhusu. Jean-Baptiste de La Salle, aliyeanzisha shule za bure za watoto maskini Reims, Ufaransa, katika miaka ya 1680, aliliona hilo mapema: alianzisha kusoma kwa Kifaransa wakati mazoea yalikuwa Kilatini.

Mtego mkubwa ni wimbo wa "ba be bi bo bu." Darasa zima linaimba vizuri, mgeni anapiga makofi, na hakuna anayesoma. Elekeza kidole kwenye *bi* peke yake, kisha *bu*, kisha *ba*, uone nani anaanza kuimba kutoka mwanzo ili aifikie. Mtego wa pili ni kukariri ukurasa. Funika picha, mwambie asome sentensi ya mwisho kwanza, au andika maneno yale yale ubaoni kwa mpangilio mwingine.

Msikilize kila mtoto peke yake mara moja kila wiki mbili. Kwa darasa la watoto 25 ni watatu kwa siku, dakika mbili kila mmoja. Andika kwenye daftari ngazi aliyopo: hajui herufi, herufi, silabi au neno, aya fupi, hadithi. Ngazi za namna hii, pamoja na desturi ya kuwapanga watoto kwa kiwango badala ya darasa, zilisambazwa sana na shirika la Pratham la India, na kwa shule ndogo zinafaa vizuri. Kwa saa moja kwa siku, changanya darasa la tatu, la nne na la tano. Wanaosoma herufi wakae na mwalimu mmoja, wanaosoma maneno na mwingine, wanaosoma hadithi wapewe vitabu na msimamizi. Mwalimu hodari apewe kundi la chini. Pima upya kila mwezi na uwahamishe, la sivyo kundi la chini litageuka kuwa jina la utani.

Mtoto anayekaa ngazi moja vipimo vitatu mfululizo achunguzwe macho na masikio kabla ya kuitwa mzito. Mweke mita tatu kutoka ubaoni asome. Simama nyuma yake utamke maneno kwa sauti ya chini ayarudie. Haya hayachukui nafasi ya daktari, ila yanakuambia nani apelekwe kwa daktari.

Kwa hesabu, vijiti na vizibo vya chupa vilivyofungwa makumi makumi vinafundisha thamani ya nafasi kuliko chati yoyote. Usikimbilie kuandika kutoa kwa kukopa kabla mtoto hajafungua fungu la kumi kwa mikono yake.

Ibada na somo la Biblia

Dakika 20 asubuhi: wimbo, andiko fupi, maelezo, sala. Weka mtu wa kuangalia saa. Ibada inayoanza saa moja na nusu na kuisha saa tatu kasoro kila siku imekula somo la kusoma la mwaka mzima, halafu mtoto asiyejua kusoma anapewa Biblia kama zawadi. Wageni wenye ujumbe mrefu wapewe Ijumaa mchana. Mstari wa kukariri uandikwe ubaoni na utumike kwenye imla, lakini Biblia nzima isitumike kama kitabu cha kwanza cha kusomea. Sentensi zake ni ndefu na maneno ni magumu kwa anayeanza.

Amueni mapema kama mtawapokea watoto wa dini nyingine, na kama watahudhuria ibada au watakaa na mwalimu wa zamu. Liandikwe kwenye fomu ya kuandikisha, mzazi asaini akijua. Mlo, ada nafuu na nafasi ya shule visifungwe kwenye ubatizo wala mahudhurio ya Jumapili. Mzazi anayekuja kanisani kwa sababu ya sahani ya mwanawe mnamjua, naye anajua mnamjua.

Usalama wa mtoto

Hapa shule za kanisa hukosea kwa sababu nzuri kabisa: watu wanaaminiana. Kanuni ziwe za wote, mchungaji akiwemo. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Maombi na ushauri vifanyike mlango ukiwa wazi au wenye kioo. Mtoto achukuliwe na watu walioandikwa kwenye fomu tu, wasiozidi watatu, na ujumbe wa "nimetumwa na mama yake" hauzidi fomu. Vyoo vya watu wazima viwe mbali na vya watoto.

Viboko viachwe. Kinachoweka utulivu darasani ni taratibu zilizofundishwa wiki mbili za kwanza kama somo: namna ya kuingia, kugawa madaftari, kuomba ruhusa. Mwalimu anayetumia wiki hizo kwa taratibu anaokoa miezi.

Mtoto akisema ameguswa vibaya au amepigwa, anayemsikia asimhoji wala asimwahidi siri. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, tarehe na saa, ampelekee siku hiyo hiyo mtu mmoja aliyeteuliwa, na suala liende kwa polisi au ustawi wa jamii. Kikao cha wazee, msamaha madhabahuni, au kumhamishia mtuhumiwa tawi jingine si utatuzi. Ni kumpa watoto wengine. Kama mtuhumiwa ndiye aliyeteuliwa kupokea taarifa, kuwe na wa pili, na majina yote mawili yabandikwe mahali watoto wanapoyaona.

Vyoo, maji na mlo

Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni tundu moja la choo kwa wasichana 25, na tundu moja pamoja na sehemu ya haja ndogo kwa wavulana 50, vikitenganishwa, kila mlango ukiwa na komeo la ndani. Maji ni angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, bila kuhesabu choo cha kumwaga maji. Ndoo yenye bomba, sabuni iliyofungwa kwenye kamba na mtu wa zamu wa kuijaza vinatosha kwa kunawa. Kinachoshindikana mara nyingi ni zamu, si ndoo.

Mlo utolewe mapema asubuhi badala ya mwisho wa siku. Unaotolewa mchana unavuta mahudhurio, wa asubuhi unavuta mahudhurio na akili pia. Stoo iwe na daftari la kuingiza na kutoa kwa kilo, na asiyepika ndiye apime.

Mambo yakigeuka

Kamati iangalie nambari nne kila mwezi: mahudhurio, ada iliyokusanywa dhidi ya iliyotakiwa, miezi ya mishahara iliyomo kwenye akiba, na watoto wangapi wako kila ngazi ya kusoma. Akiba ikishuka chini ya mwezi mmoja na hakuna ahadi yenye tarehe, simamisheni kuandikisha darasa jipya mwaka unaofuata. Shule inaweza kukaa bila darasa la kwanza mwaka mmoja na ikarudi.

Ikibidi kufunga kabisa, fungeni mwisho wa mwaka wa masomo na waambieni wazazi muhula mmoja kabla, wapate muda wa kutafuta nafasi kwingine. Lipeni walimu kwanza, wadai wengine baadaye. Kila mtoto aondoke na barua ya uhamisho, ripoti zake zote, na karatasi moja inayoeleza anasoma kwa ngazi gani. Daftari la uandikishaji likabidhiwe ofisi ya elimu kwa saini, kwa sababu miaka kumi baadaye mtu atakuja kuuliza kama kweli alisoma pale.